TAARIFA YA TAWI LA MTONGWE: MTOTO ASIPIMWE KWA MSHAHARA WA BABA ASIYEMLEA

*Kwa wanachama wote wa tawi. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ujibu.*



Juzi usiku mwanachama mmoja alirusha sauti kwenye grupu letu. Dakika mbili na kitu. Wengi mmeisikia, na wengine mmeipeleka kwenye magrupu mengine, kwa hivyo sitairudia yote. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba yule msichana wetu aliyewekwa bendi ya 5 aache kulialia, baba anaye, baba ana kazi nzuri, basi aende kwa babake. Akaongeza kwamba tawi lisijitie katika mambo ya talaka za watu.

Kamati ya tawi ilikaa jana baada ya Isha. Tawi litajitia, na sababu ni hizi.

Kwanza kwa wale ambao hawana mtoto wa chuo na hawajui bendi ni nini. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na serikali alilipa karo ya karibu shilingi 16,000 kwa mwaka. Awe mtoto wa waziri, awe mtoto wa muuza maji, kiwango kilikuwa kimoja, na mkopo wa HELB aliuomba kando. Hakuna aliyekuuliza babako analala nyumba gani. Mwaka 2023 serikali ikabadilisha mambo. Sasa mwanafunzi anajaza fomu kwenye mtandao, anapimwa kwa chombo kinachoitwa MTI, halafu anatiwa kwenye fungu kulingana na uwezo wa nyumba yao. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, mafungu hayo ni 5. Bendi ya 1 ni nyumba yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Huyo analipiwa asilimia 70 kama ufadhili, 25 kama mkopo, na familia inatoa 5. Bendi ya 2 inafika mapato ya 23,670, na huko ufadhili ni 60, mkopo 30, familia 10. Bendi ya 5 ni nyumba inayoingiza zaidi ya 120,000. Huko ufadhili unashuka mpaka 30, mkopo 30, na familia inatoa asilimia 40.

Angalieni neno hilo, *nyumba*. Vita vyetu vyote viko hapo.

Mama wa msichana huyu mnamjua. Ametupa ruhusa tueleze habari yake ila jina tusilitaje, hata kama nusu ya Mtongwe itamtambua. Ni mwenzetu wa tawi. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Mwezi ukiwa mzuri anapata kama shilingi 15,000 baada ya kutoa mafuta na unga. Aliachwa mtoto akiwa darasa la tatu. Cheti cha talaka anacho. Kulikuwa na makubaliano ya matunzo, 6,000 kila mwezi, na zililetwa miezi minne. Kuanzia hapo mpaka leo baba amekuwa mtu wa kuja siku ya Idi na kilo mbili za mchele. Ana mke mwingine na watoto wengine, na mshahara wake, kwa habari tulizo nazo, unapita 120,000.

Msichana amesoma. Shule ya upili mama alilipa kwa vijipande, leo elfu mbili, kesho mia tano, risiti ziko kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro na mimi nimezishika kwa mikono yangu. Mtihani ukaja, akapita, akaitwa chuo kikuu bara. Siku ya majibu ya ufadhili alikwenda saiba na mamake. Bendi ya 5.

Tufanye hesabu kidogo kwa kozi inayogharimu 200,000 kwa mwaka, ili kila mtu aone. Mtoto huyu angepimwa kwa pato la mama, angekuwa bendi ya 2. Familia ingetakiwa itoe 20,000 kwa mwaka. Kwa bendi ya 5 familia inatakiwa itoe 80,000. Tofauti ni 60,000 kila mwaka, na kwa miaka 4 ni 240,000. Tena pesa za kujikimu za bendi ya 2 ni 55,000 kwa mwaka, za bendi ya 5 ni 40,000. Mama wa viazi karai anaambiwa atafute zaidi ya robo milioni kwa sababu mwanamume aliyemwacha miaka kumi iliyopita amepandishwa cheo kazini.

Mtu mwaminifu ataniuliza: katibu, unajua kweli kwamba ni mshahara wa baba uliompeleka huko? Sijui. Mama hajui. Msichana hajui. Hakuna aliyewaonyesha hesabu. Walipewa namba ya bendi na kiasi cha pesa, basi. Fomu inataka namba za vitambulisho vya wazazi wote wawili, baba akaandikwa kwa sababu yuko hai na mtoto alilelewa asiseme uongo. Ukiangalia mambo mengine yote ya nyumba ile, chumba kimoja cha kupanga, jiko la makaa, ndugu wawili wadogo, hakuna kitu kingine cha kumfanya mtu tajiri. Mama alipokwenda ofisi moja kuuliza, aliambiwa mfumo ndio umeamua. Mfumo ni nani? Una meza? Una kiti ambacho mtu anaweza kukaa mbele yake akaeleza?

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa sauti. Hoja yake ina uzito kidogo na sitaidharau. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hivyo mtu anaweza kusema serikali imefanya vyema kumhesabu baba. Baba ni baba. Talaka haifuti nasaba.

Nakubali talaka haifuti nasaba. Lakini wajibu na pesa ni vitu viwili. Wajibu uko kwenye karatasi, pesa iko mfukoni mwa mtu, na kati ya hivyo viwili kuna mlango ambao mama huyu ameugonga miaka kumi. Serikali ikitaka baba atimize wajibu, imshike baba. Ina mahakama, ina waajiri, ina namba yake ya kitambulisho, hiyo hiyo iliyoitumia kumpima mtoto. Yaani serikali inamwona baba vizuri kabisa inapotaka kupunguza ufadhili wa mtoto, lakini mama anapotaka amri ya matunzo itekelezwe, baba haonekani, mama ndiye anaambiwa akamtafute, akalete anwani yake, akalipe nauli ya kumpelekea karatasi. Hilo ndilo linalotukera.

Na kifungu hicho kinasema mtoto. Msichana huyu ana miaka 19. Amri nyingi za matunzo hukoma mtoto akifika miaka 18. Kweli mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi ikiona sababu maalumu, na masomo yamekubaliwa kuwa sababu. Lakini inabidi uende, ufungue kesi, usubiri, na chuo kinataka pesa wiki ya kujisajili. Kwa hivyo sheria inamwachilia baba siku ile mtoto anapotimiza miaka 18, kisha mfumo wa ufadhili unamrudisha baba mezani mtoto anapotimiza miaka 19, na safari hii anarudi kama mshahara mtupu bila mkono wa kutoa.

Tusisahau mkopo nao. Ule wa HELB si wa baba. Ni wa msichana. Atakapomaliza atadaiwa yeye pamoja na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na akichelewa kuanza kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Mshahara wa baba unatumika kumpunguzia ufadhili, lakini deni likija anayedaiwa si baba.

Wako mliosema kwenye grupu kwamba tukiruhusu hili, kila mtu atajifanya ameachika. Mume na mke watakubaliana wakaandikishe talaka ya bandia ili mtoto aingie bendi ya 1. Watu wa namna hiyo wapo, sitakataa. Lakini watu wa kudanganya mfumo huu wa sasa hawahitaji talaka. Mwenye duka kubwa lisilo na kumbukumbu anaandika kwamba hana kitu, na anapita. Anayenaswa ni mwenye karatasi ya mshahara na yule aliyezaa naye. Na talaka ya kweli ina alama zake. Kuna cheti cha Kadhi au hukumu ya mahakama yenye tarehe, na tarehe ya miaka kumi nyuma haiwezi kutengenezwa leo asubuhi. Kuna risiti za shule ya upili zenye jina la aliyelipa. Kuna taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nani alituma na nani hakutuma. Kuna mwalimu mkuu anayejua ni mzazi gani alikuja siku ya mkutano. Kuna chifu na mzee wa mtaa. Mwenye kutaka kujua ukweli wa nyumba ataujua kwa wiki moja.

Nchi nyingine zimeshalifikiria jambo hili. Wanachama wenye watoto au ndugu Marekani waulizeni kuhusu fomu ya serikali inayoitwa FAFSA. Ikiwa wazazi wameachana na hawaishi pamoja, fomu ile inahesabu mzazi mmoja. Zamani alikuwa yule ambaye mwanafunzi aliishi naye siku nyingi zaidi katika miezi 12. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 ni yule aliyetoa msaada mkubwa zaidi wa fedha. Na kule ukiona umepimwa vibaya, unamwandikia ofisa wa fedha wa chuo chako, binadamu mwenye jina, naye sheria inampa uwezo wa kurekebisha hesabu kwa hali yako wewe peke yako. Sisemi Marekani ni peponi. Vyuo vingi vya watu binafsi huko vina fomu yao nyingine, na vingi kati ya hivyo vinamdai habari hata yule mzazi aliyeondoka, na watoto wa talaka wanalia huko pia. Na ule mtindo mpya una mtego wake, kwa sababu baba mwenye mshahara mkubwa akitoa msaada kumshinda mama, yeye ndiye anayehesabiwa. Lakini swali wanaloulizana ndilo swali la haki: nani alimlisha mtoto huyu mwaka uliopita? Sisi tunauliza nani alimzaa.

Haya, nilikuwa nataka kuacha lifuatalo, lakini kamati ikaniambia niliseme, na ni haki.

Sisi wenyewe hapa chini tumefanya kosa hili hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kamati moja ya basari. Fomu zilikuwa nyingi, pesa kidogo, na tulikuwa na kanuni ya haraka haraka: yatima kwanza, kisha mwenye ulemavu, kisha wengine. Ikaja fomu ya kijana mmoja, alama nzuri, mama hana kazi. Mimi mwenyewe nikasema, huyu babake si yule baharia? Yule wa meli? Basi anajiweza. Tukaiweka kando. Hakuna aliyeuliza kwamba baharia yule alikuwa ameshamwacha mamake na kuhamia mji mwingine, na kwamba mshahara wa meli ulikuwa unateremkia bandari nyingine kabisa. Kijana yule hakwenda chuo mwaka ule wala mwaka uliofuata. Leo anaendesha tuktuk. Nikipanda yake hukataa nauli yangu, anasema shikamoo katibu, na mimi hushuka nimenyamaza. Angekuwa yatima angepata. Kosa lake ni kwamba babake alikuwa hai.

Hii ndiyo hali ya mtoto wa talaka katika makaratasi yetu. Yatima ana cheti cha kifo. Mtoto wa wazazi wawili ana wazazi wawili. Huyu wa katikati ana baba aliye hai kwa ofisi na asiyekuwapo kwa chakula. Tena pwani yetu hii mambo ni magumu zaidi, maana talaka nyingi zimetamkwa kwa mdomo sebuleni mbele ya mjomba, hazikuandikishwa popote. Mama ameachwa, mtaa mzima unajua ameachwa, lakini kwenye karatasi bado ni mke wa mtu mwenye mshahara. Na wako waliozaa bila ndoa, wako waliolelewa na nyanya, wako akina mama walioolewa tena na baba wa kambo hataki kusikia habari ya karo ya mtoto asiye wake. Nao hao wapimwe kwa mfuko gani?

Upande wa pili nao tuuseme, maana si kila baba aliyeacha ni mtoro. Tunao hapa tawini akina baba walioachana na wake zao na karo wanalipa kila muhula bila kukumbushwa. Mmoja wao alinipigia simu jana amekasirika, akasema katibu unatuchafua wote. Ndugu yangu, wewe hesabiwa. Unatoa, kwa hivyo mshahara wako uhesabiwe, kwa kile kiasi unachotoa. Na ukumbuke kwamba una nyumba mbili na watoto saba, na ukihesabiwa mshahara mzima kwa kila mtoto kana kwamba yuko peke yake, wewe pia unaonewa. Hata akina mama wako walioacha watoto kwa baba na kwenda Ghuba, wengine wanatuma pesa, wengine kimya. Kanuni tunayoitaka ni moja kwa wote: ihesabiwe pesa inayomfikia mwanafunzi.

Kuna waliosema pia kwamba mambo haya yako mahakamani, tusubiri. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, ilitamka kwamba mfumo huu unakwenda kinyume na Katiba. Tukafurahi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi ule mpaka rufaa isikizwe, na mfumo ukaendelea kufanya kazi. Wakubwa wataendelea kubishana huko kwa muda wao. Msichana wetu anatakiwa kujisajili mwezi huu. Nani atamwambia asubiri? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu lipo la uaminifu wa chama. Ujumbe umenifikia, sitasema kutoka kwa nani, kwamba taarifa kama hii inawatia aibu viongozi wetu. Mbunge tulimpigia kura sisi. Mwakilishi wa wadi tulimpigia kura sisi, na mabango yake tulibandika sisi usiku mvua ikinyesha, akina mama wa mahamri wakitupa chai ya bure. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Ikiwa chama kinajua nyumba yake wakati wa kampeni, kijue nyumba yake wakati wa bendi. Tumewaandikia wote wawili barua. Mwakilishi wa wadi amejibu, atakuja. Mbunge hajajibu, na siku atakapojibu nitawajulisha hapa hapa.

Barua yetu inataka mambo machache. Mwanafunzi anayeambiwa bendi aonyeshwe hesabu iliyomfikisha huko, ni pato la nani lililohesabiwa na ni kiasi gani. Hili halihitaji sheria mpya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Tunataka pia ithibati ya mzazi asiyelea ikubaliwe kwa njia zaidi ya moja, ili aliyeachwa kwa mdomo asiambiwe alete karatasi ambayo haijawahi kuandikwa. Rufaa ijibiwe kabla ya tarehe ya kujisajili chuoni, maana rufaa inayojibiwa mtoto ameshakosa nafasi haina faida kwake. Na serikali ikiamua kwamba ni lazima pato la baba lihesabiwe, basi hiyo asilimia yake ikatwe kwake moja kwa moja, mama asitumwe kuidai.

Sasa kwa wenye watoto waliopangwa vibaya, msikae mkilaani tu. Rufaa inawasilishwa kwenye mtandao ule ule uliojazia maombi, kwa akaunti ya mwanafunzi mwenyewe. Msimpe mtu wa saiba neno lenu la siri akae nalo. Kabla ya kufungua, kaeni chini muandike maelezo mafupi, ukurasa mmoja, yenye tarehe: mliachana lini, mtoto ameishi na nani tangu siku hiyo, nani alilipa karo ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, baba alitoa kiasi gani mara ya mwisho na lini. Msiandike hasira. Msiandike kwamba baba ni mlevi hata kama ni mlevi. Ofisa anataka kuona pesa imetoka wapi. Ambatisheni cheti cha talaka au hukumu kama ipo. Kama haipo, mwende kwa Kadhi au kwa wakili mpate hati ya kiapo, na barua ya chifu. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ya mama ni ushahidi mzuri kuliko machozi, kwa kuwa inaonyesha kilichoingia na ambacho hakikuingia. Risiti za shule zipigwe picha vizuri, si ile picha yenye kidole katikati. Mwalimu mkuu akiandika mistari mitatu kwamba mlipaji alikuwa mama, imesaidia sana.

Na mama mwenye amri ya matunzo isiyotekelezwa aiambatishe amri pamoja na ushahidi kwamba haikulipwa. Amri peke yake inaweza kukudhuru, kwani mtu akiisoma ataona unapokea 6,000 kwa mwezi.

Jambo moja tawi halitalisaidia. Kuna kijana aliyeshauriwa aandike kwamba babake amefariki. Babake nilikutana naye juzi kwenye feri. Usifanye hivyo. Watataka cheti cha kifo, utatafuta cha bandia, na kutoka hapo si rufaa tena, ni jinai, na chuo utakiona kwa mbali. Sema ukweli ulivyo: baba yuko hai na hanilei. Tunapigania ukweli huo ukubaliwe kwenye fomu, na tukianza kuwaua mababa kwenye karatasi tutakuwa tumewapa wale wanaosema sisi ni waongo ushahidi wanaoutaka.

Kwa ndugu yetu aliyerusha sauti. Ulisema msichana aende kwa babake. Alikwenda. Mwezi uliopita, na mamake hakujua. Alipanda matatu mpaka mji anaokaa baba, akiwa na barua ya chuo kwenye bahasha. Alipokelewa na mke wa pili, akapewa maji, akakaa sebuleni mpaka saa mbili usiku. Baba aliporudi aliisoma barua, akasema ataona. Akampa 1,000 ya nauli. Hizo ndizo pesa zote zilizotoka kwenye mshahara ule kwenda kwa mtoto huyu mwaka huu, na tukitoa nauli ya kurudi zilibaki 300.

Kikao ni Jumamosi, saa kumi jioni, mahali petu pa kawaida. Waje wazazi wenye shida hii pamoja na watoto wao, waje na karatasi zote walizonazo hata zilizochanika. Vijana wetu wawili watakuwepo na kompyuta kusaidia kuandika maelezo, bila malipo. Wakili mmoja mwanachama amekubali kusimamia viapo siku hiyo, mchango ni wa soda yake tu. Tutapitisha pia kofia kwa ajili ya msichana wetu, ili 80,000 ya mwaka wa kwanza isimzuie wakati rufaa inasubiriwa. Mpaka sasa tuna 23,400, na 5,000 kati ya hizo zimetoka kwa yule baba aliyenipigia simu akiwa amekasirika.

Mrusha sauti naye karibu, akitaka kusema tena aseme mbele ya mama.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Mtongwe, Likoni